Siwezi Kuliiba Koo Langu

4 Machi

Kinyonga wangu,

Salamu ziingie kwanza, zikae, ndipo maneno yafuate. Huku wote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limejifanya mkubwa wa nyumba: likisema tukae, tunakaa. Bibi yako anakula vizuri na anagombana vizuri zaidi. Juzi amewafukuza kazi mafundi wangu wawili kwa kosa la kucheka, nikawarudisha kabla hawajafika getini.

Utashangaa kuona karatasi. Nimeamua kurudi kwenye barua. Ujumbe wa simu unatoka mbio kama mtu aliyekurupushwa usingizini, lakini barua inatoka imeoga na kuvaa. Usitafute sababu nyingine.

Chumba cha cherehani kinaendelea. Huu ni msimu wa sare za shule, na shule siku hizi zimezoea kututumia vipimo kwa mtandao. Mwaka huu nimewaambia wavilete wenyewe kwa mkono. Wengine wameleta, wengine wamekwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona mifuko ya suruali upande mmoja juu, upande mmoja chini. Riziki haina adabu, inakwenda inakoitwa.

Nimeutangazia mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yangu ni mtu wa serikali. Muuza mkaa akaniuliza, "Anafanya nini hasa huko?" Nikamwambia, "Analinda jasho la wasanii." Akasema, "Basi amechelewa kuzaliwa, angelinda la kwako." Tulicheka mpaka akasahau kunipimia.

Kwa hiyo niambie mwenyewe, nisiendelee kubuni mbele za watu. Unafanya nini hasa?

Shangazi yako.


19 Machi

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwambie na Bibi shikamoo, na umwambie nakula, kwa sababu najua ndilo swali lake la kwanza. Mimi sijambo. Chumba tulichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa hesabu na sasa anatusahihisha sote mezani.

Umeniuliza kazi yangu. Niko ghorofa ya tatu, kitengo cha malalamiko ya mtandaoni. Mtu mwenye hakimiliki ya wimbo au filamu akiona kazi yake imepakiwa mtandaoni bila ruhusa yake, anatuletea malalamiko. Tunachukua ile yake na ile iliyopakiwa, na karani anavaa hedfoni na kuzilinganisha. Karani huyo ni mimi. Nikiandika "zinafanana," aliyepakia anapelekewa onyo. Akiendelea, onyo la pili. Akiendelea tena, mtandao wake unazimwa kwa mwaka mzima, na faini juu yake. Unazimwa kwa nyumba nzima, Shangazi, si kwa mtu mmoja.

Naiamini sheria hii. Nimekua nikikusikia ukisema jinsi watu walivyouza nyimbo zenu sokoni bila nyinyi kuonja hata soda. Siku niliyoapishwa nilikufikiria wewe. Mkuu wa kitengo chetu, tunamwita Bi Mkuu, anasema mwizi wa wimbo ni mwizi aliyevaa soksi, humsikii akiingia.

Mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio, kwa hiyo nafanya kila kitu kama nilivyoelekezwa.

Shangazi, mtandao wa hapo nyumbani uko salama? Nauliza tu. Na jambo jingine, nalo nalisema kama mfano: mtu aliyezimiwa mtandao anaweza kusaini hati ya kukiri kosa na kuahidi hatarudia. Akisaini, anafunguliwa papo hapo na faini inafutwa. Watu wengi wanasaini na maisha yanaendelea. Ni mfano tu.

Mtoto wako,
Kinyonga.


20 Aprili

Kinyonga,

Barua yako ilifika mapema. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliisoma, nikaikunja, nikaenda kushona vifungo. Mtu akishona vifungo vya shule nzima anapata nafasi ya kufikiri.

Bibi yako hajambo, anauliza huo ukuta msafi una rangi gani. Goti halijambo pia, limepunguza ukali.

Sasa tuzungumze kuhusu mfano wako. Mifano ya watu wa ofisini huwa na jina na anwani, mwanangu. Mimi sikukuambia kwamba nimezimiwa mtandao, na wewe umenitajia dawa ya ugonjwa ambao sijakuambia ninaumwa. Basi tuache kukonyezana, tuongee.

Ndiyo, walinizimia tangu Februari, baada ya maonyo mawili niliyoyapuuza. Nilikuficha kwa sababu nimetembea mtaani nikijigamba kwa kazi yako, na sikutaka ujue kwamba ofisi yenyewe ndiyo iliyonifungia mlango.

Nilichofanya ni hiki. Dereva mmoja wa malori, mtu mzima kama mimi, alikuja kuchukua sare za wanawe akanitambua sauti. Akasema, "Wewe ni Binti Radi! Nimeendesha usiku kucha miaka yote ile nikikusikiliza wewe." Akaniuliza atazipata wapi nyimbo zile. Mwanangu, hazipo. Kampuni iliyonunua kanda zetu za studio imezifungia kabatini. Haiziuzi, haizipigi, imezikalia kama kuku aliyekalia mawe. Nikamwambia ngoja. Mmoja wa mafundi wangu akanisaidia, tukapakia nyimbo mtandaoni, kila anayetaka achukue bure.

Lakini sikupakia kanda zao! Zile niliwauzia kwa hiari yangu na nilikula pesa yao, sirudi nyuma. Nilipakia mazoezi yetu. Tulikuwa tukifanya mazoezi kwenye ghala la magunia, na tulijirekodi wenyewe kwa redio yetu ya kaseti, ili tusikie tulikokosea. Kaseti hizo hatukumuuzia mtu. Na mtu mwenye masikio angejua, maana kila zoezi lilianza kwa mimi kuwaita wenzangu mmoja mmoja. Ninaita jina, naye anajibu kwa chombo chake, si kwa mdomo. Asiyejibu hatuanzi. Studio walitukataza, wakasema tunawapotezea kanda. Kwa hiyo ukisikia ninaita majina, ujue hapo ni ghalani.

Nadhani hakuna aliyesikiliza mwanzo.

Hiyo hati wameniletea. Imeandikwa, "Nakiri nimechukua mali ya mwingine." Fundi wangu mkubwa ananiambia, "Mama, saini tu, tupate vipimo vya shule, fundi wa ng'ambo anatucheka." Ana haki ya kusema hivyo, ana watoto. Lakini nimeishika kalamu mara nyingi na mkono unakataa. Ninaweza kuiba sukari ya jirani. Siwezi kuliiba koo langu.

Nimekata rufaa. Na nikuulize, lakini usijibu kama jibu litakuumiza: aliyesikiliza ni wewe?

Shangazi yako.


29 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani, leo salamu ni fupi. Wote wazima. Ukuta ni wa kijivu.

Ni mimi.

Nilivaa hedfoni, nikabonyeza, na sauti ya kwanza iliyoniingia ilikuwa yako. Pale ofisini tunaruka mwanzo wa kila rekodi. Mafaili ni mengi, na mwanzo huwa ni kelele na vikohozi, kwa hiyo tunaanzia pale wimbo unapokolea. Nikaanzia hapo. Ulikuwa unaimba ule wa mtu anayengojea mgeni. Nilizivua hedfoni kama zimeniunguza. Jirani yangu wa mezani, tunamwita Miwani, akaniuliza, "Vipi, imepiga shoti?" Nikasema ndiyo, imepiga shoti. Kisha nikaandika "zinafanana."

Kwa sababu zilifanana, Shangazi. Wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile. Na niliogopa kwamba nikikawia watauliza kwa nini nimekawia.

Kanuni yetu inasema karani akikuta ndugu yake kwenye faili anatakiwa kusema hapo hapo na kulikabidhi. Akificha, anafukuzwa. Mimi nimeficha. Kila siku iliyopita imeongeza uzito wa siri hiyo.

Nilipopata barua yako nilibaki ofisini wakati wa chakula cha mchana, watu wote wameshuka. Nikaifungua rekodi tangu mwanzo. Kuna mlango wa bati unafungwa. Kuna mtu anacheka. Kisha unaita. Unaita "Ngamia!" na besi inajibu. Unaita "Shemeji wa Watu!" na tarumbeta inajibu. Kisha unaita "Taratibu!"

Hukuniambia, Shangazi. Uliandika barua nzima ya majina na hukuniambia jina hilo lipo.

Gitaa lilichelewa kidogo. Likajibu kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kama mtu anayesema "nipo" akiwa anatafuna. Wote ghalani wakacheka, na wewe ukasema, "Haya, baba mtu ameamka." Nilikuwa sina kumbukumbu ya sauti yoyote ya Baba. Sasa ninayo. Nimeirudia mpaka watu wakapanda kutoka chakulani, Miwani akaniuliza kama nimepokea habari mbaya. Nikamwambia hapana, vumbi.

Sasa naomba unisikilize. Nimejua una haki. Lakini nikisema, nitaulizwa nilijua lini, na jibu la swali hilo ndilo litakalonitoa mlangoni. Mdogo wangu anasoma kwa mshahara huu. Mama ameacha kazi ya kufua kwa sababu ya mshahara huu. Nakuomba usaini, Shangazi. Mimi na wewe tutaujua ukweli. Je, haitoshi watu wawili wakiujua?

Najiona mdogo kuliko nukta ninayoiweka hapa.

Kinyonga.


15 Mei

Mwanangu,

Hatujambo. Bibi yako amesema kijivu ni rangi ya watu wasioamua. Usimjali, yeye mwenyewe amevaa kijivu.

Sikukasirika. Fundi mkubwa alitaka kukasirika kwa niaba yangu nikamkataza.

Jina la baba yako sikukutajia makusudi. Ningekutajia ningekuwa nimekukamata kwa shati lake, na mimi sikamati watu namna hiyo. Nilitaka ukifika hapo ufike kwa miguu yako, au usifike.

Wewe unadhani uoga umeuzaa wewe. Sikiliza. Kaka yangu alikuwa mwoga kupita panya. Kabla ya kila onyesho alikuwa anatapika nyuma ya jukwaa, mimi ndiye niliyekuwa namshikia ndoo, na Shemeji wa Watu, yule wa tarumbeta, akimwambia, "Taratibu, bakisha ya kesho." Halafu anajifuta, anapanda, anapiga. Sijawahi kumwona amepanda bila kutapika, na sijawahi kumwona ametapika akakosa kupanda. Watu wakimsifu kwa utulivu wake wa jukwaani nilikuwa naangalia pembeni nisicheke.

Mimi sisaini. Hilo ni langu. Lakini la kwako ni lako, na sikuombi kitu. Ukikaa kimya bado utakuwa mtoto wetu, na bado nitaendelea kujigamba kwa muuza mkaa, maana yeye hajui lolote na anafurahi.

Jambo moja tu la kukuchekesha. Rufaa yangu wamekubali kuisikiliza. Wamenialika kikao cha tarehe 17 Juni, na kikao chenyewe kitakuwa kwa mtandao, niwe mbele ya kompyuta nyumbani kwangu. Mtandao wamenizimia wao! Nimewaandikia kuwauliza kama wananialika au wananitania. Hawajajibu. Mwaliko unasema tu kwamba asiyeonekana, kesi itaamuliwa bila yeye.

Basi waamue. Goti linakusalimu.

Shangazi yako.


30 Juni

Shangazi yangu, Binti Radi,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama anakusalimu. Mdogo wangu anakusalimu na anasema alama ya mshangao kwenye barua yako iliyopita haikuhitajika. Tumempuuza.

Nimekawia kwa sababu nilitaka mambo yaishe kwanza. Sasa yameisha, nikueleze.

Asubuhi ya kikao nilikwenda msalani mara nyingi kuliko nitakavyoandika. Kisha nikaenda kwa Bi Mkuu. Alikuwa anamenya chungwa. Nikamwambia, "Faili la leo la rufaa, mlalamikiwa ni shangazi yangu."

Akaacha kumenya. "Shangazi wa mtaani au shangazi wa damu?"

"Dada yake baba yangu."

"Na hilo umelijua lini?"

"Tangu sauti ilipoanza."

"Tangu sauti ilipoanza," akarudia. "Yaani tangu Januari. Binti, wewe unajua ulichokisema?"

Nikasema najua. Nikasema pia kwamba nilisikiliza nusu, kwa sababu sisi sote tunasikiliza nusu, na nusu niliyoiruka ndiyo yenye jibu. Nilidhani atapiga kelele. Alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akasema, "Twende ukaseme hivyo hivyo mbele yao, na usiongeze chumvi."

Kwenye baraza la rufaa kulikuwa na wajumbe watatu nyuma ya meza ndefu, na mwakilishi wa kampuni, kijana amevaa tai iliyomkaba. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na humo ndani kisanduku cheusi chenye jina lako. Mwenyekiti, mama mmoja mzee mwenye sauti ya ualimu, akauliza, "Mlalamikiwa mbona haonekani?" Bi Mkuu akajibu, "Haonekani kwa sababu tumemzimia mtandao, Mheshimiwa." Mjumbe mmoja alikohoa, lakini nadhani alikuwa anacheka.

Nikasimama. Nikasema mimi ni nani na nimefanya nini. Sauti yangu ilitulia, sijui kwa nini. Kisha nikaomba rekodi ipigwe tangu mwanzo.

Mlango wa bati ukafungwa mbele ya baraza zima. Ukaanza kuita. Mwakilishi wa kampuni akasema, "Hizi ni kelele tu za kutayarisha vyombo." Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani. "Kijana, kelele zinazojibu zikiitwa? Hii ipo kwenye kanda yenu?" Akasema haipo. "Mlinunua hii?" Akapekua karatasi zake muda mrefu, akasema walinunua zilizorekodiwa studio.

Gitaa lilipochelewa na kujibu, wajumbe wakacheka pamoja na watu wa ghalani, kama wamo humo. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole, "Na huyu mvivu wa gitaa ni nani?"

Nikasema, "Si mvivu, Mheshimiwa. Alikuwa anaogopa. Ni baba yangu."

Sijawahi kuona fahari kama ile, Shangazi. Nilisimama pale nikiwa karani mwenye makosa, na nilijiona mrefu kuliko lile jengo.

Uamuzi ni huu. Mtandao wako umefunguliwa na faini imefutwa. Rekodi za mazoezi ni zenu. Lakini kati ya ulizopakia, mmoja haukuwa wa mazoezi. Ule wa mwisho, wa harusi, ni wa studio kweli. Hauna majina, na una vinanda ambavyo nyinyi hamkuwa navyo. Huo unatakiwa kuutoa, na umepewa onyo kwa huo. Niliwaambia mwenyewe, kabla mwakilishi hajaufikia. Kama hilo limekuudhi, niandikie uniambie.

Mimi sikufukuzwa. Nimepewa onyo kali la maandishi, na kipindi changu cha majaribio kimeanza upya. Nimetolewa kwenye hedfoni. Nimeshushwa chini, dirishani, ambako wasanii wanakuja wenyewe kuandikisha kazi zao, na kule wanagombana na karani uso kwa uso kuanzia tunapofungua. Bi Mkuu alisema, "Wewe ni mwoga, kwa hiyo nakupeleka kwenye watu." Miwani ananipa pole kila tukionana. Lakini ghorofa ya tatu sasa wanasikiliza kuanzia mwanzo, na wananilaani kwa hilo, maana kazi imeongezeka.

Ninaogopa kila asubuhi. Ninakwenda.

Mtoto wa Taratibu.


12 Julai

Mtoto wa Taratibu,

Barua yako nimeisomea chumba kizima, cherehani zote zimesimama. Fundi mkubwa amelia, halafu akasema ni uzi umemwingia jichoni. Bibi yako alinitaka nirudie mahali pa kisanduku cheusi, kisha akasema, "Huyo mwenye tai aliyekabwa, mama yake yupo?" Nikamwambia sijui. Akasema kama yupo, amhurumie mwanawe.

Wimbo wa harusi ni wao. Ulinipita kwa sababu ninaupenda, na mtu akipenda kitu husahau aliuza. Nimeutoa siku ile ile barua ilipofika. Ulifanya sawa kuwaambia. Ungeuficha huo kwa ajili yangu, nisingejua niweke wapi macho yangu nikikutana na muuza mkaa.

Yeye nimemweleza yote sasa, hata ile nusu uliyoiruka. Akanipimia mkaa kwa haki kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Vipimo vya shule vimeanza kuingia tena. Yule dereva wa malori ameandika chini ya nyimbo zetu kwamba sasa anazisikiliza kuanzia kwenye mlango wa bati.

Mimi nimekata tiketi. Naja kuziandikisha kaseti za ghalani, zote, kwa jina letu sote tuliokuwamo, walio hai na waliotutangulia, ili mwingine asije akazikalia. Nitapanga foleni kama watu. Nikifika dirishani kwako usinihudumie. Nipeleke kwa mwenzako wa dirisha la pili, ndivyo kanuni yenu inavyotaka, na sasa mimi na wewe ni watu wa kanuni. Lakini foleni itakuwa ndefu na mimi sitaweza kujizuia. Wakikuuliza yule mama anayechechemea, anayecheka peke yake na kuwaonyesha watu dirisha lako kwa kidole, ni nani yako, hapo waambie, tena kwa sauti.

Shangazi yako.